Nilichokuambia Kabla ya Kona ya Pili

4 Machi

Kwa mchezaji wa zamani, maarufu kwa jina la Kiberiti

YAH: OMBI LA BARUA YA KUTOKUWA NA PINGAMIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, mimi mchezaji wa mpira wa magongo niliyefungiwa miezi kumi na minane kufuatia tukio la kukugonga usoni kwa gongo wakati wa mechi, naomba kukuarifu kwamba adhabu yangu inamalizika mwezi huu. Timu mpya imeonyesha nia njema ya kunisajili kabla dirisha la usajili halijafungwa tarehe 30 Aprili. Hata hivyo, kamati ya nidhamu imeelekeza kwamba sharti niwasilishe barua kutoka kwako, ikieleza kuwa huna pingamizi mimi kurejea uwanjani.

Ni dhahiri kwamba tukio lile lilikuwa la bahati mbaya na limetuathiri sote wawili. Nasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Kwa urahisi wako, barua imekwisha kuandaliwa na imeambatanishwa. Unachotakiwa ni kutia saini palipowekewa alama ya penseli.

Natanguliza shukrani.

Wako katika michezo,
Shoka

Nakala: Kocha, Katibu wa Timu


12 Machi

Shoka,

"Usumbufu wowote uliojitokeza." Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba wa shule bado uko begani, na madaftari ya watoto chini ya kwapa. Nikacheka. Nilipocheka taya likaniuma, nikaacha.

Nani amekuandikia? Tumecheza timu moja ya wanawake miaka tisa, tumelala chumba kimoja kambini, sijawahi kukusikia ukitamka "taadhima". Wewe ulikuwa ukiandika orodha ya vitu vya kununua unaacha nusu ya herufi njiani. Halafu leo unaniandikia kama afisa wa ardhi.

Ngoja nikueleze usumbufu uliojitokeza, umpelekee huyo mwandishi wako aupigie chapa. Meno manne ya mbele. Taya limevunjika pande mbili, likafungwa waya wiki sita, chakula nakinywa kwa mrija. Mimi nafundisha darasa la kwanza kusoma, unajua hilo. Nasimama mbele ya watoto thelathini na wanane, naandika ubaoni sa, se, si, so, su, natamka, na hewa inanitoka pembeni mwa mdomo. Kuna kabinti kanakaa dawati la mbele, hakana ubaya wowote, kananiitikia vilevile ninavyotamka. Mwalimu mkuu ameniomba mwaka huu nihamie hesabu.

Hayo nayaweza. Meno ya bandia yapo, hesabu nayo ni kazi. Nisichokiweza ni hili lingine. Baba wa mtoto mmoja alikuja ofisini akamhamisha mwanawe, akasema hataki afundishwe na mwanamke anayetukana wafu. Kinyozi wa pale kona, ambaye hata hajui gongo linashikwa vipi, aliniambia usoni kwamba nilipata nilichokitafuta. Mji mzima unajua kwamba nilimtukana marehemu mama yako, nawe kwa uchungu wa mtoto mkono ukakuponyoka.

Mama yako. Mimi.

Barua yenu ya penseli nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Sitii saini.

Kiberiti


19 Machi

Kiberiti,

Ndiyo, ni katibu aliyeandika. Nilimwambia nitaandika mwenyewe, akasema mwandiko wangu utatuangusha. Huu hapa mwandiko wangu. Ukishindwa kusoma mahali, ruka.

Unataka niseme nini ambacho sijasema? Nilikupiga. Nilisimama mbele ya kamati nikasema nimempiga. Nilisema redioni. Sikukata rufaa hata siku moja. Miezi kumi na minane nabeba vigae vya sakafu kwenye ghala, boksi moja kilo ishirini na tano, kutoka kwenye lori mpaka rafuni, na kutoka rafuni mpaka kwenye gari la mteja. Jina la Shoka nilipewa na mashabiki kwa sababu ya mpigo wangu wa kona fupi. Siku hizi mafundi wakija ghalani wananisogezea nyundo mbali, wanacheka. Msimamizi anasema nisitumwe kuhudumia wateja wanawake, wasije wakaogopa. Nameza. Nimejikaza mpaka nimechoka.

Pole kwa meno. Pole kwa taya. Hili la hesabu sikulijua, nalo pole. Sijui kuomba msamaha kwa maneno mazuri, wewe unanijua.

Lakini kuhusu Mama, hapo usinibebeshe. Mimi sikusema. Watu walisema wao. Watu wana midomo, nitaizibaje?

Nina miaka thelathini na mmoja. Timu zote nilizoziandikia zilinyamaza, hii moja tu ndiyo iliyojibu. Kocha wao ameniambia wazi kwamba jina langu linanuka, ila kona zake zinakufa na anahitaji mpigaji. Hii ndiyo nafasi yangu, hakuna nyingine nyuma yake. Bila saini yako nitabeba vigae mpaka mgongo uniishie.

Tia saini. Halafu nichukie mpaka uzeeni, sitakuzuia.

Shoka


27 Machi

Shoka,

Walisema wao. Haya. Na wewe ulikuwa wapi?

Jioni ile ile habari ilikuwa imeenea. Simu ulikuwa nayo. Mdomo ulikuwa nao, haukufungwa waya. Wangu ulikuwa umefungwa. Wiki sita uongo unazunguka mjini, unaingia kila nyumba, mimi nimelala wodini siwezi hata kusema "hapana". Dada yangu alikuwa ananiletea kijidaftari niandike ninachotaka. Ukurasa wa kwanza niliandika, "Sikumtukana Mama." Akanipapasa mkono, akaniambia, "Basi, pumzika, yamekwisha." Dada yangu wa tumbo moja hakuniamini. Nilitupa kijidaftari chini ya kitanda.

Sasa tuseme nilichokuambia, maana naona umekisahau au unajifanya.

Miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nakusukumia mpira wa kona kutoka mstari wa nyuma, wewe unapiga golini. Hatua zako nilizijua kuliko unavyozijua mwenyewe. Kukutazama na kukuambia nilichokiona ilikuwa nusu ya kazi yangu, na wewe ndiye uliyetaka hivyo. Ulikuwa unasema, "Niambie, usinifiche." Ukiinama mno nakuambia, ukichelewa nakuambia, wakati mwingine mpira haujawekwa hata chini.

Siku ile tulikuwa timu mbili. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa kwanza, kazi yangu kuchomoka golini na kuja kukuzuia. Ulipopiga kona ya kwanza nikaona umetua kwa mguu wa kushoto kama mtu aliyekanyaga msumari. Goti lile nalijua, lilianza ukiwa na mimi. Mwamuzi akatoa kona ya pili. Mchezo umesimama, wewe uko pembeni unakunywa maji. Nikakufuata. Nikavua kinga ya uso ili unisikie vizuri. Nikasema, "Goti limekwisha. Mwambie kocha wako akutoe kabla halijakatika."

Hayo tu. Nilisahau kwamba nimevaa jezi ya wapinzani wako. Na sikumwona mteuzi wa timu ya taifa amekaa benchi la nyuma yako na daftari lake.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya. Iandikie kamati maneno hayo, kama nilivyoyasema, kwa mwandiko wako huo huo mbaya. Siku nakala itakaponifikia ndiyo siku nitakayotia saini.

Kiberiti


3 Aprili

Kiberiti,

Unajua unachoniomba? Unaniomba nijichimbie shimo, kisha nikushukuru kwa kunikopesha jembe.

Timu mpya haijui habari za goti. Walitaka picha ya eksirei, nikawapelekea picha ya goti la mdogo wangu, ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi chakula. Daktari wao aliitazama kwenye mwanga akasema goti zuri sana. Mazoezini najifunga bandeji chini ya soksi ndefu na namaliza kabla ya wenzangu, nasema nina zamu ghalani. Nikiandika hayo unayoyataka, barua itafika kwa kocha siku hiyo hiyo. Nitakuwa nimepata saini yako na kupoteza timu. Saini ya nini basi?

Na wewe usijifanye malaika. Ungeweza kuniambia baada ya mechi. Ungeweza kuja nyumbani kama ulivyokuwa ukija, ukaingia bila kubisha, ukaniambia jikoni. Hapana. Ukanifuata mbele ya mteuzi. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari lile, niliambiwa asubuhi yake. Nililisubiri daftari lile miaka sita. Uliposema "limekwisha" aliinua kichwa. Nilimwona. Akafungua kalamu.

Sisemi ulistahili kupigwa. Nasema ulinimaliza kwanza.

Haya, sasa unayo siri ya picha. Ukitaka kunizika, mwandikie kocha mstari mmoja, kazi imekwisha.

Shoka


9 Aprili

Dada yangu mpendwa Kiberiti,

Mimi ni kocha wa timu inayokusudia kumsajili Shoka. Hatujuani, lakini nilikuwa nakuona ukicheza, na bado nasema hakukuwa na mkimbiaji wa kwanza kama wewe.

Nakuandikia kama kaka. Najua umeumia. Lakini tuambiane ukweli, maneno nayo yanaumiza, pengine kuliko gongo. Shoka alitusimulia yote siku ya kwanza, mbele ya timu nzima, machozi yanamlengalenga. Alitueleza neno kwa neno ulichomwambia kuhusu marehemu mama yake. Sitayarudia hapa kwa kukulindia heshima. Akamalizia kwa kusema kwamba yeye amekusamehe. Wachezaji walisimama wakampigia makofi, na mimi mwenyewe, mtu mzima, nilijifanya natafuta filimbi.

Kama yeye ameweza kukusamehe kwa jambo zito namna ile, je, wewe utashindwa saini moja? Dirisha linafungwa tarehe thelathini. Kila mtu hupitiwa. Hatutalizungumza tena.

Kaka yako katika michezo,
Kocha


14 Aprili

Shoka,

Soma kwanza hiyo karatasi nyingine iliyomo humu, ni ya kocha wako.

Umenisamehe. Asante sana. Nimekaa kitandani nikajiuliza nikushukuru kwa njia gani.

Uliniandikia kwa mkono wako kwamba hukusema, walisema wao. Nilianza kuamini. Nilikuwa nimeanza kukuona kama mwoga tu, na mwoga naweza kumvumilia. Kumbe ulikusanya watu ukawahutubia, na machozi ukayatoa. Neno kwa neno. Natamani kuyajua hayo maneno niliyomtukania Mama, maana mimi mwenyewe siyajui.

Umesahau nani alikuwa anashika beseni mama yako alipokuwa anatapika dawa? Wewe ulikuwa kambini. Sikulaumu, ulikuwa kambini kwa sababu yeye ndiye aliyekuambia uende. Mimi nilikuwa nimeumia kidole nimerudi nyumbani. Siku kumi na moja nilikaa pale. Tangu zamani alikuwa akiniita mwanangu mbele yako, wewe unanuna, yeye anacheka. Alipofariki ni mimi niliyekupigia simu, ukanikatia, ukanipigia tena, ukanyamaza tu kwenye simu mpaka salio likaisha. Mtu huyo ndiye uliyemchukua ukamfanya kisingizio.

Umeniuliza kwa nini nilikuambia pale pale uwanjani. Kwa sababu kona ya pili ilikuwa inapigwa baada ya dakika moja, nawe ungetua tena kwa mguu ule. Sikuwa na muda wa kuja jikoni kwenu.

Kocha wako sitamwandikia habari za picha. Usidhani ni huruma. Mara ya mwisho nilipolisemea goti lako nilitema meno, kwa hiyo sasa lisemee mwenyewe. Masharti yangu nayafuta. Saini hupati, barua ya kamati usiandike, na mimi usiniandikie tena.

Kiberiti


21 Aprili

Kiberiti,

Umesema nisikuandikie. Naandika hii moja. Ukiichana bila kusoma ni haki yako.

Nilikudanganya. Nitakuambia ilivyokuwa.

Baada ya kadi nyekundu walinipeleka chumba cha kubadilishia nguo. Nilikaa sakafuni, mguu nimeunyoosha, goti limevimba kama boga, nimelifunika taulo wasilione. Meneja akaja juu, akafoka, "Amekuambia nini mpaka umfanye vile?" Daktari wa timu alikuwa nyuma yake analitazama taulo. Nikasema, "Mama." Neno hilo moja. Sijui lilitoka wapi. Nadhani nilitaka tu kumwita. Meneja akatazamana na daktari, akasema, "Amemtukana marehemu." Sikukataa. Daktari akaacha kulitazama taulo. Nikaona limenifaa.

Kwa hiyo ni kweli lilianza na wao, lakini mimi ndiye niliyelitunza. Kila aliyeniuliza nilinyamaza kwa namna ambayo ataelewa anachotaka kuelewa. Kwenye timu mpya sikunyamaza tena, nililisema lote, nikatunga na maneno yako. Kufikia wakati huo lilikuwa linanitoka vizuri. Nilipolia sikuigiza, nilikuwa nalia kweli, namlilia Mama. Huku namtumia. Sijui mtu anaitwaje anayefanya hivyo.

Sikuogopa wewe kukanusha. Nilijua huwezi kusema, nilijua nimekuvunja taya. Hilo ndilo ninalolificha kuliko yote, kuliko goti. Hapo ndipo nilipokupiga mara ya pili, na mara hiyo sikuwa na hasira.

Nimeiandikia kamati. Nakala moja nimempa kocha mkononi, nyingine iko humu. Sikuombi saini. Kesho naenda hospitali kupiga picha ya goti langu.

Shoka


(Nakala)

21 Aprili

Kwa Kamati ya Nidhamu

Mimi ninaitwa Shoka. Nilimpiga Kiberiti kwa gongo usoni. Hakumtukana mama yangu. Hakusema neno lolote baya. Alisema, "Goti limekwisha. Mwambie kocha wako akutoe kabla halijakatika." Lilikuwa kweli limekwisha. Nilimpiga kwa sababu mteuzi alisikia.

Habari ya matusi ni uongo wangu. Picha ya goti niliyoipeleka timu mpya si ya goti langu.

Nimeandika haya mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, ndiyo maana yako hivi.

Shoka


24 Aprili

Shoka,

Nakuandikia kwa sababu nikikuona nitasema mambo ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyasema.

Umenitia aibu mbele ya wachezaji. Umenifanya nimwandikie mwanamke aliyevunjwa taya, nikamwambia amesamehewa. Barua ile ina jina langu chini. Tangu juzi kila nikikumbuka sentensi moja naona joto mpaka masikioni. Wewe ulinipa uongo, mimi nikaubeba kwa mikono miwili nikaupeleka mlangoni kwake.

Habari ya picha usidhani umeniambia jambo jipya. Daktari alishaniambia goti lile ni la msichana wa miaka kumi na saba ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote. Nilimwambia anyamaze. Nilihitaji mpigaji wa kona, na jambo lisiloandikwa mahali mtu anaweza kusema hakulijua. Sasa umeliandika na kulipeleka kwa kamati, siwezi tena kujifanya sijui. Nimekukasirikia kwa hilo, na nimejikasirikia kwa kukukasirikia.

Mazoezi uliyofanya na sisi yamefutwa. Jezi uliyopewa irudishe kwa katibu. Ukitaka nikufikirie tena, lete picha ya goti lako mwenyewe, na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa yule dada. Vyote viwili, kabla ya tarehe thelathini. Ya kwanza naona unaweza kuipata. Ya pili sidhani, na nisingekuwa na haki ya kumwomba tena.

Siahidi kitu.

Kocha


28 Aprili

Kwa Kamati ya Nidhamu

YAH: BARUA YA KUTOKUWA NA PINGAMIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mchezaji niliyepigwa. Nimeisoma barua ya Shoka ya tarehe 21. Maneno aliyoyaandika ndiyo niliyoyasema, hakupunguza wala hakuongeza. Saini yangu ilikuwa ikingoja maneno hayo tu, kwa hiyo sina pingamizi yeye kurudi uwanjani.

Pingamizi ninalo juu yenu.

Mlikaa vikao vitatu kuhusu shauri hili. Mlimwita aliyenipiga. Mlimwita meneja wake, mlimwita mwamuzi, mlimwita hata dereva wa basi. Mimi hamkuniita. Nilipotolewa waya mdomoni nilikuja hapo ofisini kwenu kwa miguu yangu, nikakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi karibu na mlango, saa mbili na nusu. Karani akatoka akaniambia shauri limekwisha, niende nikapumzike. Kwenye hukumu yenu mkaandika kwamba adhabu imepunguzwa kutoka miaka mitatu hadi miezi kumi na minane "kutokana na uchokozi wa maneno". Nani aliwaambia uchokozi wa maneno? Mlimwuliza nani?

Mwongo aliwadanganya, ndiyo. Lakini yeye alikuwa na goti la kuficha. Ninyi mlikuwa mnaficha nini? Mlikuwa mmechoka tu, mkataka kwenda nyumbani.

Sasa mnaniomba mimi saini ili mambo yenu yakae sawa. Nimewapa. Na mimi nataka yangu. Hukumu ile ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pale uwanjani, ikasomwa kwenye kipaza sauti kabla ya mechi ya fainali, mbele ya watu. Barua ya Shoka ibandikwe hapo hapo, isomwe kwa kipaza sauti hicho hicho, na hii yangu isomwe baada yake, yote, pamoja na sehemu inayowahusu ninyi. Msipofanya hivyo nitakuja kuisoma mwenyewe. Mdomo wangu unapitisha hewa pembeni, lakini unasikika.

Kiberiti
Mwalimu wa hesabu, darasa la kwanza


6 Mei

Shoka,

Nimesikia kutoka kwa kocha wako kwamba wamekusajili. Aliniletea barua yake ya kuomba radhi mwenyewe, akasimama nje ya darasa amevua kofia, watoto wakidhani amekuja kukagua shule. Ameniambia goti lako limepimwa, na utaingia wakati wa kona tu, unapiga, unatoka. Amesema picha ile ilimtisha.

Barua zilisomwa Jumamosi. Nilikuwepo. Mtu wa kipaza sauti alipofika kwenye kile kiti chenye mguu mfupi aliwatazama wakubwa kama aendelee, akaendelea. Kinyozi wa pale kona alikuwa safu ya mbele yangu, na hakugeuka nyuma mpaka mwisho. Dada yangu alikuwa pembeni yangu, alilia sana, akaniomba msamaha kwa ajili ya kile kijidaftari. Yeye nilimsamehe pale pale.

Wewe sijakusamehe. Nilidhani nikishasikia ukweli umesomwa hasira itashuka, nikasubiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Haijashuka. Kuna kitu kimoja tu kimebadilika. Usiku nilikuwa nikilala nakujibu, najieleza, najitetea mbele ya watu nisiowajua. Sasa sina cha kujitetea. Nakuchukia kwa utulivu.

Sentensi yako ile ya kunipiga mara ya pili nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Ulifanya vizuri kuiandika. Haikunipunguzia kitu.

Nimerudi timuni. Taya limepona, daktari ameniruhusu, nimesajiliwa siku moja kabla yako. Ratiba umeiona, tarehe ishirini na nne tunakutana. Mimi ni mkimbiaji wa kwanza kama zamani. Mwamuzi akitoa kona utaitwa uingie, nami nitachomoka golini nije kukuzuia kwa mbio nilizo nazo. Nitakuona unavyotua. Nitaliona goti kabla ya kocha wako, kabla ya daktari, pengine kabla yako mwenyewe.

Sitakuambia.

Kiberiti